Konzi ya Mchele

Mama alipima mchele kwa kikombe cha bati,
vikombe vitano, maana tulikuwa saba,
na kabla hajauosha
alitia mkono sufuriani, akatoa konzi moja,
akaitupia kwenye kopo la maziwa pale rafuni.
"Ya Bwana," alisema. Hakuongeza neno.
Asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu,
kama mtu anavyofunga kifungo cha shati.

Jumamosi walipanda kina mama wa kanisa,
Pi Zodinliani mbele, kikapu mgongoni,
kamba yake imempita kwenye kipaji cha uso.
Walikung'uta makopo ya mlima mzima:
mchele mwekundu wa kwa Rochhinga,
mweupe wa bondeni, uliovunjika wa kwetu,
wote ukalala pamoja bila kuulizana kabila.

Miaka ile maboga yalitushinda kula.
Krismasi nguruwe watatu, chai ya sukari guru,
na ngoma ya kanisa ikilia mpaka madirisha yanatetema.
Baba alicheza mbele ya mimbari
na mguu wake mbovu, nje ya mdundo kabisa.
Tuliona haya. Tulicheka. Tulimfuata.

Kisha mianzi ikachanua.

Wageni wangepiga picha.
Bibi yetu alifunga mlango.
Aliyekwisha kuyaona maua yale mara moja
hayaiti maua.
Mbegu zikaanguka, panya wakala, wakazaana,
na mbegu zilipokwisha wakageukia mpunga.
Usiku tuliwasikia shambani,
sauti kama mvua isiyolowesha.
Asubuhi yalibaki mabua.

Tulichimba viazi mwitu, tukavichemsha maji matatu
kuondoa uchungu, na uchungu ukabaki.
Thanpuia, kitinda mimba, alishikwa na homa Jumanne.
Ijumaa vijana walimchimbia kaburi,
na usiku tatu jirani walijaa sakafuni kwetu
wakiimba, matumbo yao yakiitikia.
Sikujua kwamba mtu mwenye njaa anaweza kuimba sauti ya tatu
bila kukosea.

Siku ya nne Mama akapika.
Viazi vilikuwa sita. Akakata kipande,
cha pembe tatu, kama akatavyo siku zote,
akakitia koponi.
Baba akasimama.
"Wewe si mjane wa Sarepta," akasema,
"mumeo yu hai, na ana njaa.
Amemchukua mtoto. Anataka na kiazi?"

Nilidhani Mama atalia, au atataja aya.
Aliutazama mkono wake.
"Umezoea," akasema. "Nikiuzuia
hautanipa usingizi."

Jumamosi kikapu kilifika kama kawaida.
Pi Zodinliani hakuomba kopo.
Alikaa kizingitini, akahema,
akainamisha kikapu juu ya ungo wetu:
mchele vikombe viwili, labda na nusu,
mwekundu, mweupe, mahindi machache,
vipande vya viazi vya nyumba nzima nzima.
"Wiki hii ni zamu yenu," akasema,
akaomba maji ya kunywa.

Baba ndiye aliyepembua.
Kidole chake kikapekua, kikapekua, kikasimama.
Kipande cha pembe tatu.
Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha
na kicheko kikamtoka, kibaya, chenye makohozi,
cha kwanza tangu kaburini,
na akicheka machozi yakamshuka
wala hakuyafuta.
"Mwanamke," akasema, "kiazi chako
kimetembea mlima mzima kuja kunisuta."
Mama naye akacheka, mkono mdomoni.
Tukacheka sote, na kile kitanda kidogo
kingali pale ukutani, kitupu.

Sasa niko Delhi, muuguzi, ghorofa ya tisa,
na jiko la umeme linalojizima lenyewe.
Hakuna kikapu kinachopanda lifti.
Kopo likijaa humpelekea mlinzi wa getini,
Mhindu wa Bihari, anayenipokelea kwa mikono miwili.
Zipo jioni natoka wodini nisikoweza kuomba;
nabaki jikoni na koti langu, bila neno.
Mkono unaingia sufuriani.
Na mara nyingine, sijui ni kwa nini,
mguu wangu unagonga sakafu,
nje ya mdundo kabisa.